Kuachwa, kisu na miaka: usaliti katika nyimbo za tango

Kisa kinachojirudia kuliko vingine vyote katika nyimbo za tango za zamani ni cha mwanamume aliyeachwa. Amebaki peke yake chumbani, au ameketi baa mbele ya glasi, na anasimulia jinsi mwanamke aliyempenda alivyoondoka, aghalabu kumfuata mwenye pesa. Kisa hicho kilizaliwa Buenos Aires na Montevideo, miji miwili iliyo katika kingo mbili za Río de la Plata. Kwa takriban miaka arobaini kuanzia 1917 watunzi walikigeuza kila upande: wakamlaumu mwanamke, wakamlaumu tajiri, wakaulaumu ulimwengu, na hatimaye wengi wao wakajilaumu wenyewe. Anayeisikiliza tango kama kilio kimoja kisichobadilika hupitwa na jambo hili. Mshtakiwa hubadilika, na namna anavyobadilika ndiyo historia ya mashairi hayo.

Mwanzoni tango haikulia. Nyingi hazikuwa na maneno kabisa, na zile zilizokuwa nayo zilikuwa za majigambo au za mizaha ya madanguroni. Ángel Villoldo, mtunzi mashuhuri wa kipindi hicho, aliuandikia muziki wa Enrique Saborido maneno ya "La morocha" mwaka 1905, na ndani yake mwanamke mwenye nywele nyeusi anajisifia uzuri, furaha na uaminifu wake kwa bwana wake. Katika "El porteñito" kijana wa mjini anatamba kwa ustadi wake wa kucheza. Hakuna anayeachwa, hakuna anayelewa kwa uchungu.

Mambo yaligeuka kwa wimbo mmoja. Pascual Contursi alikuwa na mazoea ya kutia maneno kwenye tango za watu wengine na kuziimba katika kabare za Montevideo. Aliichukua "Lita", tango ya mpiga piano Samuel Castriota, akaiandikia beti za mwanamume aliyetorokwa na mpenzi wake, na mwimbaji Carlos Gardel akairekodi mwaka 1917 kwa jina la "Mi noche triste". Mwaka uliofuata mwigizaji Manolita Poli aliuimba wimbo huo jukwaani Buenos Aires katika mchezo uitwao "Los dientes del perro", na tangu hapo mji mzima ukaujua.

Nguvu yake haimo katika lawama. Contursi hapotezi muda mwingi kumtukana aliyeondoka. Anakipitia chumba kitu kimoja kimoja. Kioo kimefifia. Gitaa liko kabatini na hakuna wa kuligusa. Taa yenyewe haitaki kuangaza. Mwenye chumba bado hununua biskuti za kunywea chai ya yerba kana kwamba wapo wawili, na usiku hulala bila kufunga mlango, huenda akarudi. Vitu vya kila siku vinatoa ushahidi, mwimbaji hana haja ya kupaza sauti. Karibu kila mtunzi mkubwa aliyefuata alirithi chumba hiki, na walio bora miongoni mwao walirithi pia utulivu wake.

Wasikilizaji walikifahamu vizuri chumba hicho. Buenos Aires ilikuwa na watu wasiofika 200,000 mwaka 1869. Sensa ya 1914 ilihesabu zaidi ya milioni moja na nusu, na karibu nusu yao walikuwa wamezaliwa ng'ambo, hasa Italia na Hispania. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake miongoni mwa wageni hao, na wengi walifika peke yao wakiahidi kuwaita jamaa zao baadaye. Maskini walipanga katika conventillo, nyumba kubwa yenye ua mmoja ambamo familia nzima ilijibana katika chumba kimoja. Katika mji wa namna hiyo kuachwa kulikuwa habari ya kila mtaa. Nyuma yake palikuwa na kutengana kwingine kulikotajwa mara chache zaidi: kijiji, wazazi na lugha vilivyobaki ng'ambo ya bahari. Mwandishi Ernesto Sabato, katika kitabu chake juu ya tango cha mwaka 1963, aliihusisha huzuni yake na upweke na kinyongo cha wahamiaji hao, na hoja hiyo bado ina uzito.

Msaliti wa tango za miaka ya 1920 ana sura inayotambulika kwa haraka. Ni binti wa mtaa maskini, mshonaji au kibarua wa kiwandani, mwenye gauni la pamba la bei nafuu. Siku moja anakwenda katikati ya mji, anaingia kabare, anajipa jina lenye mlio wa Kifaransa, na hataki tena kusikia habari za nyumbani. "Milonguita" ya mwaka 1920, yenye maneno ya Samuel Linnig na muziki wa Enrique Delfino, inamwita Estercita na kumsikitikia. "Margot" ya Celedonio Flores ni kali zaidi: inamkumbusha kwamba alizaliwa Margarita, na kwamba mama yake bado anafua nguo wiki nzima ili chungu kisikose kitu.

Flores huyohuyo ndiye aliyeandika maneno ya "Mano a mano", ambayo Gardel aliirekodi mwaka 1923, na hapo kisa kinafika kilele chake cha kwanza. Wimbo umejengwa kama hesabu ya deni. Mwanamume anakumbuka mema aliyotendewa na mwanamke siku za umaskini wao, anapima na aliyomtendea yeye, anakuta hakuna anayemdai mwenzake. Kama kuna kilichosalia, basi kiandikwe kwa yule tajiri anayemtunza sasa. Kisha anaahidi kwamba siku mwanamke atakapozeeka na kutupwa kama samani chakavu, akihitaji msaada au shauri, rafiki yake atakuwepo. Ahadi hiyo ina uungwana wa kweli na ina sumu pia, kwa sababu anayeahidi msaada ametabiri maangamizi. Flores anaviacha vyote viwili visimame bila kuchagua, na ndiyo maana wimbo haujachakaa.

Ni haki kusema wazi kwamba kilichoitwa usaliti katika nyimbo hizi mara nyingi kilikuwa njia ya kutoka katika dhiki. Binti aliyeshona kutwa kwa ujira mdogo na kulala chumba kimoja na ndugu zake hakuwa na milango mingi ya kutokea. Watunzi walilijua hilo, na hasira yao inamwangukia bwana mwenye gari na shampeni kama inavyomwangukia mwanamke. Adhabu tu ndiyo haikugawanywa sawa. Tajiri hutoweka katika beti za mwisho bila jeraha lolote, na mwanamke huzeeka mapema, au hufa kijana kama msichana wa Kifaransa wa "Griseta", aliyetungwa na José González Castillo mwaka 1924.

Kuna nyimbo ambazo hazikungoja miaka imwadhibu. Katika "A la luz del candil" ya mwaka 1927, maneno ya Julio Navarrine, mtu wa mashamba anafika usiku kwa sajini wa polisi kujisalimisha: ameua mke wake na rafiki aliyekuwa naye, na amebeba ushahidi, misuko ya nywele za mwanamke na moyo wa mwanamume. "Noche de Reyes" ya mwaka 1926 inaweka mauaji hayohayo katika usiku ambao watoto hutoa viatu vyao nje wakingojea zawadi za Mamajusi. Mtoto anaweka vyake, naye hajui kwamba mama yake ameuawa na baba yake. Ni nyimbo zilizosukwa kwa ustadi, na ndiyo sababu zinatisha. Muuaji wa wimbo wa Navarrine anajitaja jina lake kamili mbele ya sajini. Mke hana jina. Msikilizaji anaombwa amhurumie aliyeshika kisu. Hilo ni doa zito katika urithi wa tango, na halipungui kwa kusema kwamba ndivyo zama zilivyokuwa.

"Tomo y obligo", aliyoiimba Gardel katika filamu "Luces de Buenos Aires" mwaka 1931, inasimama kati ya kisu na glasi. Mwanamume amemwona mpenzi wake mikononi mwa mwingine, amejizuia asimuue, na sasa anawaita wote waliomo baa wanywe naye. Anasema mwanamume hapaswi kulia, huku wimbo mzima ukiwa ni kilio chake. Hapo panaonekana kazi ambayo tango iliwafanyia wanaume wa wakati ule: iliwapa mahali halali pa kuonyesha jeraha ambalo mtaani wangelificha. Mwandishi Jorge Luis Borges hakuupenda mwelekeo huo. Alizipenda nyimbo za zamani za milonga, za mashujaa wa visu, na akauona wimbo wa kuomboleza, wa Contursi na Gardel, kuwa umepoteza ujasiri. Lakini kuungama mbele ya watu kwamba umeshindwa na mapenzi kunataka ujasiri pia, tena mkubwa kuliko wa kuchomoa kisu.

Katika nyimbo hizi za kisu na glasi mwizi wa mapenzi mara nyingi ni rafiki wa karibu, jambo linaloufanya usaliti kuwa wa pande mbili. Asiyesaliti kamwe ni mama. Nyimbo kama "Madre hay una sola" zinamweka peke yake upande wa pili wa mizani, na mwanamume aliyeachwa humrudia kama mtoto.

Aliyeutoa usaliti chumbani na kuupeleka ulimwenguni ni Enrique Santos Discépolo. Alianza na kisa kilekile cha mwanamume na mwanamke, lakini kila mara alikipindua. Katika "Esta noche me emborracho" ya mwaka 1928, iliyovumishwa na sauti ya Azucena Maizani, mwanamume anamwona mwanamke akitoka kabare alfajiri, amekonda na kuchakaa. Miaka kumi nyuma alijiharibia maisha kwa ajili yake. Alimnyima hata mama yake chakula na akawatupa marafiki. Kinachomvunja moyo sasa si kwamba aliachwa. Ni kuona kwamba kitu alichokitolea kila kitu kimeisha namna hii, kwa hiyo hata dhambi zake zilikuwa za bure. Analewa ili asifikiri. Katika "Chorra" ya mwaka huohuo mwenye kibanda cha sokoni ameporwa mali yake kidogo kidogo na mwanamke pamoja na mama mkwe. Katika "Victoria" mume aliyeachwa anashangilia kwamba yuko huru na anarudi kwa mama yake. Vichekesho hivi vina jambo zito ndani yake. Discépolo anapima ni kiasi gani cha mapenzi kilikuwa mapenzi, na kiasi gani kilikuwa fedha na woga wa upweke.

Kisha akaligeuza shtaka. "Confesión", aliyoiandika pamoja na Luis César Amadori mwaka 1930, inasimuliwa na mtu aliyejifanya katili makusudi, akampiga mpenzi wake ili amchukie na aondoke, kwa kuwa aliona anamburuta katika umaskini. Baada ya mwaka mmoja anamwona akipita, mzuri, amevaa kama malkia, na anajiuma asimwite. Mwanamke hatajua kamwe. Atamkumbuka siku zote kama mtu mwovu. Uzito wa wimbo huu uko katika kumwacha msikilizaji na swali gumu: je, kipigo kinachodai kuwa kafara si kipigo vilevile? Katika "Secreto" ya mwaka 1932 anayeimba ndiye msaliti, mwenye mke na watoto, aliyetekwa na mwanamke mwingine hadi anatamani kujiua. Hapa msaliti mwenyewe anapewa sauti, na anaitumia bila kujitetea.

Katika kipindi hichohicho ilitoka "Yira yira" ya mwaka 1930. Haina mwanamke. Kilichosaliti hapa ni dunia nzima, ambayo mtu akianguka haimsikii, haimpi mkono, wala haimkopeshi. Mdororo wa uchumi ulikuwa umefika Ajentina na mapinduzi ya kijeshi yalifanyika Septemba mwaka huo. Gardel aliuimba wimbo huo katika filamu fupi, na kabla ya kuanza anazungumza na Discépolo mbele ya kamera juu ya maana yake. Wimbo haukuacha lugha ya aliyeachwa na mpenzi: imani iliyokuwepo, mlango uliofungwa, kuchelewa kuelewa. Hapo inadhihirika jinsi kisa cha mapenzi kilivyokuwa kimewafunza watu maneno ya kusemea dhiki nyingine zote. Miaka kumi na mitatu baadaye, katika "Uno", kwa muziki wa Mariano Mores, Discépolo alifika mwisho wa njia hiyo. Mtu amejeruhiwa kiasi kwamba anapokutana na mapenzi ya kweli hana tena moyo wa kuyapokea. Aliyemsaliti zamani hana nafasi kubwa. Hasara iliyobaki ndani yake ndiyo inayoimbwa.

Alfredo Le Pera, aliyeandika maneno ya nyimbo za filamu za Gardel kati ya 1932 na 1935, alikuwa na mshtakiwa mwingine: miaka. Filamu zililengwa kwa nchi zote za Kihispania, hivyo aliiacha lunfardo, lugha ya vijiweni ya Buenos Aires, akaandika Kihispania kinachoeleweka kote. Katika "Soledad" mtu gizani anasubiri nyayo ambazo huenda hazitarudi. "Volvió una noche" inakwenda mbali zaidi. Mwanamke aliyesaliti anarudi usiku, anaomba msamaha, anasema siku za zamani zinaweza kurejea. Mwanamume anataka kumwambia kwamba huo ni uongo, kwamba saa zilizopita hazirudi, lakini anamhurumia na kuyameza maneno. Mwanamke anayasoma machoni mwake, anakubali kushindwa, anaondoka. Hakuna laana wala kisu. Wote wawili wameshindwa na kitu kimoja. Gardel na Le Pera walikufa pamoja katika ajali ya ndege Medellín, tarehe 24 Juni 1935.

Namna ya kuimba nayo iliathiri maana. Katika miaka ya 1920 na 1930 okestra za dansi zilikuwa na mwimbaji wa kiitikio tu: anasimama, anaimba sehemu ya katikati, anakaa. Beti zinazoeleza nani alimfanyia nani nini ziliachwa. Waliocheza dansi walisikia kilio bila kesi, wakati waliosikiliza santuri za Gardel na magitaa yake walipata kesi yote. Katika miaka ya 1940 mwimbaji wa okestra, kama Francisco Fiorentino katika okestra ya Aníbal Troilo, alipewa sehemu kubwa zaidi ya maneno, na washairi wakaanza kuandika kwa ajili ya sauti inayopita juu ya watu wanaocheza wawili wawili. Lawama ndefu haikufaa hapo. Kilichofaa ni taswira, na kumbukumbu isiyohitaji maelezo.

Homero Manzi ndiye aliyefaulu zaidi katika mtindo huo. "Fuimos" ya mwaka 1945, kwa muziki wa José Dames, ni mfano wa namna alivyoufuta mstari kati ya kuacha na kuachwa. Mwanamume anamsihi mwanamke aende zake ajiokoe, na katika pumzi hiyohiyo anaungama kwamba anamwita. Nani amemwacha nani? Wimbo haujibu, na haukuhitaji kujibu. Katika "Sur" ya mwaka 1948 mapenzi yaliyokufa na mtaa uliobadilika vinaombolezwa pamoja, na msaliti hayupo kabisa. Enrique Cadícamo alifanya jambo la karibu na hilo katika "Los mareados" ya mwaka 1942, akitumia muziki ambao Juan Carlos Cobián aliutunga miaka 20 nyuma: wapenzi wawili wanakunywa pamoja usiku wao wa mwisho, wakijua kila mmoja anaingia katika yaliyopita ya mwenzake. Baada ya mapinduzi ya Juni 1943 redio zilikatazwa maneno ya vijiweni na habari za ulevi, na wimbo huo ukalazimika kubadilishwa maneno na kuitwa "En mi pasado". Zuio hilo liliumiza hasa nyimbo za kuachwa, kwa kuwa baa na lunfardo ndivyo vilivyokuwa makao yake ya asili.

Badiliko lote linaweza kuonekana ndani ya familia moja. Pascual Contursi, aliyefariki mwaka 1932, aliandika kama mtu aliyeachwa. Mwanawe José María Contursi aliandika kama mtu aliyeacha na hawezi kujisamehe. "En esta tarde gris" ya mwaka 1941 ni mvua, sauti ya mwanamke aliyekuwa akimwita, na hatia ya kutokwenda. "Gricel", ya mwaka uliofuata, inabeba jina la mwanamke halisi wa Capilla del Monte, mkoani Córdoba, ambaye mshairi, aliyekuwa na mke na watoto Buenos Aires, alimpenda na kumwacha. Wimbo haumwombi arudi. Unakiri kwamba hakupaswa kuutaka moyo wake tangu mwanzo. Wawili hao walioana hatimaye mwaka 1967. Nyimbo zote mbili zina muziki wa Mariano Mores.

Sauti ya wanawake katika haya yote inahitaji kusikilizwa kwa makini, kwa sababu mara nyingi ilivaa nguo za kiume, wakati mwingine kwa maana halisi: Azucena Maizani aliimba jukwaani akiwa amevaa mavazi ya wanaume. María Luisa Carnelli aliandika maneno ya "Cuando llora la milonga" na "Se va la vida" kwa jina la kiume la Luis Mario. Rosita Quiroga aliiimba "De mi barrio", ambamo binti wa kabare anajisimulia mwenyewe, jinsi alivyoharibiwa na ahadi za mwanamume, na ghafla kisa cha Milonguita kinasikika kutoka upande uliokuwa kimya. Katika "Pero yo sé", aliyoitunga mwenyewe mwaka 1928, Maizani anamtazama kijana mtanashati anayejionyesha mjini na wanawake wengi, na anamwambia kwamba anajua analia akiwa peke yake. Nyimbo za namna hii ni chache, lakini zinatosha kuonyesha kwamba walioshtakiwa walikuwa na la kusema.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 okestra kubwa zilianza kuvunjika na kabare kufungwa. Mwaka 1956 Homero Expósito aliandika "Afiches" kwa muziki wa Atilio Stampone. Mwanamume anamwona aliyempenda katika bango la tangazo, uso wake umebandikwa ukutani kuuza ndoto kwa kila apitaye. Bwana mwenye gari hayupo tena, wala shampeni. Aliyemchukua ni biashara ya matangazo, isiyo na uso wa kuchukiwa wala kifua cha kuchomwa kisu, na mshairi hana wa kumdai hesabu. Wimbo ulikaa miaka mingi bila kuvuma sana, hadi Roberto Goyeneche alipouimba katika miaka ya 1970.